Sufuria Zilizopanda Mlima wa Uswisi

Walisema sitamaliza hata muhula mmoja. Walisema baridi ya London itanirudisha Mombasa kabla sijanunua koti la pili. Nilipomaliza mihula yote wakabadilisha wimbo: sasa wakasema diploma ya biashara ya utalii ni karatasi ya kufungia bajia, na kwamba hakuna Mhindi duniani atakayemlipa Mswahili amtembeze Ulaya. Aliyelitamka hili la mwisho alikuwa Mzanzibari mmoja, karani wa ofisi ya meli, ambaye kila Jumapili tulikuwa tukinywa naye kahawa Edgware Road. Alilisema mbele ya meza nzima, akacheka mpaka akajifuta machozi, kisha tulipotoka nje akanikopesha fedha nilizomwomba. Ndivyo alivyokuwa: mdomo wake na mfuko wake havikujuana.

Najisifu, na nina haki. Diploma hiyo sasa imetundikwa katika ofisi yangu hapa Mombasa, na mteja akiingia huisoma kwanza ndipo anaponisalimu. Wapo wanaodhani nilirithi biashara hii. Sikurithi hata kiti. Naandika ili wajue ilianzia wapi.

Ilianzia Kingsbury, kaskazini mwa London, katika duka la nafaka na viungo la familia moja ya Kigujarati iliyofukuzwa Uganda pamoja na maelfu ya wenzao. Kabla ya hapo nilikuwa Hayes, katika bohari iliyo karibu na uwanja wa ndege, nikipakia masanduku pamoja na vijana wawili wa Tanga. Dukani nilipata kazi kwa sababu ya Kiswahili. Mwenye duka alinisikia nikiwasalimu wazee waliokuja kununua unga, akaniuliza kama naweza kuanza kesho. Nilimwita tajiri, kama tunavyomwita kwetu mtu yeyote anayetulipa mshahara, naye kila siku alinijibu hivyo hivyo:

"Tajiri alibaki Kampala. Hapa yuko muuza dengu."

Mama yake alikaa karibu na mlango, juu ya kiti cha plastiki, miguu kwenye soksi za sufu na kandambili. Watu wote walimwita Ba, yaani mama kwa lugha yao, nami nikamwita hivyo. Alizaliwa Mombasa akaolewa Uganda, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha mwanawe. Alipogundua kuwa mimi ni mtoto wa mji wake, alinifanya mali yake. Akinituma, akinigombeza, akiniuliza kama nimekula.

Jioni nilikwenda darasani. Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi alipewa nchi moja aisome mpaka aijue kama chumba chake. Wenzangu walipewa Uhispania na Ugiriki, nchi za ufukwe na jua. Mimi, niliyezaliwa bandarini, nikapewa Uswisi, nchi isiyo na hata shubiri moja ya bahari. Darasa zima likacheka. Nikasema moyoni, chekeni.

Niliisoma nchi ile mpaka nikaiota. Imezungukwa na mataifa pande zote, na kila kinachoingia hupita kwanza katika mlango wa mtu mwingine. Haina mafuta, haina dhahabu. Sehemu yake kubwa imesimama wima, mawe na barafu, mahali ambapo hata mbuzi hufikiri kabla ya kupanda. Na bado ni tajiri. Kwa kuwa hawana cha kuchimba, wanauza saa, dawa na jibini. Maji yanayoporomoka milimani wameyafanya umeme. Milima yenyewe, iliyowanyima mashamba, wanaikodisha kwa macho ya wageni. Nilijifunza kuwa kuna upepo wa joto unaoteremka kutoka kileleni na kuyeyusha theluji kwa siku moja. Nilijifunza kuwa ng'ombe hupandishwa malishoni wakati wa kiangazi na kuteremshwa majani yanapoanza kubadilika rangi. Nilijifunza pia kuwa katika mabonde yao kuna upande wa jua na upande wa kivuli: wenyeji hujenga nyumba upande wa jua, na ule wa kivuli huachia misitu. Nilipata alama ya juu kuliko wote, hata wale wa Ugiriki.

Niliyoyasoma usiku niliyasimulia dukani asubuhi nikipima mchele. Wateja walisimama kusikiliza. Siku moja Ba akaniuliza:

"Huko kwenye theluji, mtu anakwenda halafu anarudi?"

"Anarudi, Ba. Wiki moja tu."

"Nyumbani kwake anakuta mlango uko pale pale?"

"Uko pale pale."

"Nataka safari ya namna hiyo," akasema. "Ile nyingine nimeshaifanya."

Palepale nikaiona biashara. Watu hawa safari ya mwisho waliyosafiri walisukumwa. Wangelipa ili waondoke kwa hiari yao na warudi kwa hiari yao. Kampuni za Waingereza zisingewapeleka, kwa sababu hakuna hoteli ambayo ingeweza kuwalisha. Ba na jamaa zake ni watu wa dini ya Jaini. Sisi huwachanganya na Wahindi wote, lakini mimi nilikulia jirani na hekalu lao na nilijua desturi zao. Hawali nyama, samaki wala mayai. Hawali kitunguu, kiazi, wala chochote kinachong'olewa ardhini pamoja na mzizi wake. Na jua likishazama hawatii chakula kinywani mpaka kesho. Mwezi wa Ramadhani, sisi tukifunua vyungu, jirani zetu wa ghorofani walikuwa wameshaosha vyao.

Kwa hiyo nilipanga safari ambayo hakuna mwenye digrii aliyeifikiria: basi letu, mpishi wetu, sufuria zetu, na hoteli itakayotupa jiko. Nilichagua mwisho wa Septemba, wageni wa kiangazi wameondoka na wa theluji hawajafika, hoteli nusu tupu, bei chini. Amana ya hoteli na ya basi nililazimika kuilipa mapema, nami sikuwa nayo. Yule karani alinipa sehemu, vijana wa Tanga sehemu, na tajiri wangu akatoa iliyobaki, huku akiniambia kuwa anaitupa mtoni. Abiria nao walikuja na sharti lao, ambalo ni desturi ya soko lao: nusu kabla ya kuondoka, nusu tukirudi wameridhika. Nusu ya kwanza iliishia kwenye mafuta, kivuko na chakula. Nusu ya pili ndiyo iliyokuwa ya kulipia deni langu lote. Wasiporidhika, nisingekuwa na uso wa kuonyesha Edgware Road wala Hayes, na diploma yangu ingekuwa kweli karatasi ya bajia.

Tulivuka kwa meli, tukaikata Ufaransa, na milima ilipojitokeza watu wote wakaegemea madirisha. Kisha mzee mmoja aliyekuwa na kiwanda cha sukari huko Uganda akasema kwa sauti, "Wamejaza mawe nchi nzima, mtu atalima wapi?" na basi zima likacheka.

Hoteli ilikuwa chini bondeni, safi, na jiko kubwa. Siku ya kwanza tulikwenda kuzunguka ziwa kwa boti. Hata mimi sikuwahi kuona maji yaliyotulia namna ile. Tulirudi saa kumi na nusu. Chakula kilipangwa saa kumi na moja, na kwa mujibu wa kalenda jua lingezama karibu saa kumi na mbili, kama Mombasa tu. Mpishi alikuwa ameshapanga meza: wali, dengu, kabichi, mtindi, mlima wa chapati. Ba akasimama mlangoni akageuka kutazama nje.

"Jua liko wapi?"

"Nyuma ya mlima, Ba," nikamwambia. "Bado halijazama."

"Wewe unaliona?"

"Silioni, lakini lipo."

"Mimi pia silioni. Basi sili."

Tajiri wangu akachomoa kalenda mfukoni. "Ba, tazama, wameandika hapa. Imebaki zaidi ya saa nzima."

"Hiyo imepigwa chapa London. Jua liko hapa."

"Huko London wiki nzima hulioni jua, na chakula unakula!"

"London ni wingu," Ba akasema. "Wingu ni kama ushungi, jua limekaa juu yake mahali pake. Hapa hakuna wingu. Nilikuwa kwenye boti, nimeliona kwa macho yangu likiteremka mpaka likaisha. Mnataka nidanganye macho yangu kwa ajili ya chapati?"

Na asipokula mkubwa wao, nani atatia mkono kwenye sahani? Mmoja mmoja wakasogeza viti nyuma. Mzee wa kiwanda cha sukari aliitazama dengu kama mtu anayeaga maiti. Mpishi akanivuta pembeni.

"Bwana Diploma, hizi chapati nizifanyeje? Niwatandikie walalie?"

Tajiri akaja na wazo lake, kwamba tule saa tisa. Lakini boti na treni za kutembeza wageni zilirudi baada ya saa kumi. Kula saa tisa maana yake ni kushinda hotelini, na watu wangelipia Uswisi wakaona jiko. Ndipo akaniambia polepole, ili wengine wasisikie:

"Kijana, Ba akisema turudi, kesho basi linageuka. Na wakirudi na njaa, ile nusu ya pili usiiote."

Mtu mwingine angelia. Mimi nilitoka nje, kwa sababu sikusoma mabonde kwa mwaka mzima ili nishindwe na bonde. Kwetu hotelini kulikuwa na kivuli na ubaridi wa kuingia shingoni. Ng'ambo ya mto, juu sana, palikuwa na kijiji kidogo kilichokaa kwenye mlima kama sahani juu ya rafu, na madirisha yake yote yalikuwa yanawaka. Nilikwenda kumwita Ba, nikamtoa nje na shali yake.

"Lile kule si jua?"

Akalitazama kwa muda. "Ni jua," akasema. "Lakini ni la wale."

"Na ukiwa kule?"

"Nikiwa kule litakuwa langu. Sasa nitaruka?"

Nikaitandaza ramani juu ya meza ya hoteli, nikaisoma mistari yake ya mwinuko kama wengine wanavyosoma gazeti. Kijiji kile kilitazama kusini-magharibi, mbele yake hapakuwa na mlima wa kukikinga, na jua lingekaa nacho mpaka mwisho wa siku. Reli ndogo ya mlimani ilipanda mpaka mlangoni pake. Watu wangepanda, sawa. Lakini chakula? Sufuria za watu wa basi zima huwezi kuzipakata mapajani.

Asubuhi na mapema nilikuwa stesheni. Mkuu wa stesheni alikuwa mtu mnene wa masharubu, mwenye Kiingereza kidogo, na alipojua shida yangu akaanza kutikisa kichwa kabla sijamaliza. Mabehewa ni ya abiria, akasema. Nikamuuliza, "Na maziwa hushukaje?" Akasema kuna behewa la maziwa, huleta madebe kutoka malishoni. Nikamwambia, "Ng'ombe wameshateremka. Wiki hii behewa hilo linabeba nini?" Akachukua funguo akanipeleka kuliona. Lilikuwa limelala nyuma ya ghala, limeoshwa, tupu. Nadhani hakuwahi kuona Mwafrika anayejua ng'ombe wa Uswisi wako wapi. Tulipatana bei ndogo, na yeye mwenyewe akanipa jina la mkulima wa kule juu aliyekuwa na chumba cha kutengenezea jibini, chenye meko, ambacho nacho majira yale kilikaa bure. Nchi nzima ilikuwa katikati ya majira mawili, vyombo vyake vimepumzika, na mimi nilijua kwa nini.

Shida ikabaki kwa mpishi. Alitaka kupika kule kule juu. Alisema chakula hupikwa panapoliwa, hivyo ndivyo alivyofunzwa Kampala.

"Chapati utazichoma juu," nikamwambia. "Wali na dengu pika huku chini. Kule maji huchemka mapema kabla hayajapata moto wa kutosha. Dengu hazitaiva upesi."

"Maji ni maji, Bwana Diploma. Yakichemka yamechemka."

"Beba konzi moja ujaribu."

Akabeba, kwa kiburi.

Saa kumi na nusu behewa la maziwa lilipanda mlima likinukia bizari. Abiria wa kawaida waliinua pua zao, na mama mmoja mwenyeji akafuata harufu mpaka mlango wa behewa akachungulia. Ba alikaa dirishani, mikono imekamata kiti, akanena sala yake mpaka tulipotoka kwenye kivuli. Kulikuwa na mstari kabisa, kama ukingo wa zulia. Treni ikauvuka, na uso wake ukajaa mwanga. Alifumba macho kwa sababu ya makali ya jua, na hakuacha kunena, lakini mikono yake iliachia kiti.

Tulikula mbele ya chumba cha jibini, juu ya mbao ndefu alizotupangia mkulima. Ng'ambo ya bonde palikuwa na kilele chenye barafu isiyoyeyuka tangu dunia iumbwe, na chini yetu hoteli yetu ilikuwa imeshaingia giza la bluu. Jua lilikuwa juu ya mabega yetu, limebakiza nafasi kubwa kabla ya kuzama. Ba alilitazama, akatazama kalenda ya mwanawe, akalitazama tena. Kisha akamega chapati.

Sauti ya watu wengi wenye njaa wakianza kula pamoja, mimi naijua. Hakuna kipaza sauti kinachoishinda. Mzee wa kiwanda cha sukari alikula kama anayelipwa. Mkulima alionja dengu kwa ncha ya kijiko, akaenda kuita mkewe. Mpishi alichoma chapati, na pembeni ya meko konzi yake ya dengu ilichemka, ikachemka, mpaka tumemaliza, tumenawa, na bado zilikuwa ngumu chini ya jino. Akazimwaga nyuma ya kibanda akidhani simwoni.

"Na kesho?" Ba akaniuliza.

"Kesho pia tutapanda."

"Na kesho kutwa mvua ikinyesha?"

"Ikinyesha ni wingu, Ba. Wingu ulishalisamehe."

Akanipiga kofi la bega, na meza nzima ikaangua kicheko. "Huyu ni wa Mombasa," akawaambia, kana kwamba yeye ndiye aliyenizaa. "Wa Mombasa humshindi kwa maneno."

Haikunyesha. Tulipanda kila siku, na siku ya mwisho mkuu wa stesheni alipanda nasi, akala chapati tatu akiwa na kofia yake ya kazi kichwani. Wiki ile niliwaonyesha maporomoko yanayoendesha mitambo ya umeme, niliwapeleka karakana ya saa, niliwaeleza kwa nini paa zao zimeinama na nyumba zao zimepangiwa kuni mpaka dirishani. Kila nililoulizwa nililijibu. Mwenye kiwanda, ambaye alikuwa amewaajiri wahandisi, aliniambia hajawahi kupata mwalimu kama mimi. Sikumpinga.

Tuliporudi Kingsbury, jambo la kwanza Ba alilolifanya ni kwenda kuushika mlango wa nyumba yake, akaufungua, akaufunga, akaufungua tena. Kesho yake asubuhi alikuwa kwenye kiti chake dukani kabla ya wote. Akafungua fundo la sari, akaniwekea nusu yake ya pili juu ya mizani. Aliwatazama waliokuwa nyuma yake tu, nao wakapanga foleni. Kufika adhuhuri wengine walikuwa wanauliza habari za safari ya majira ya maua, na watu wa mji wa Leicester, ambao hata sikuwajua, walipiga simu dukani wakimtaka yule Mswahili wa Uswisi.

Jumamosi iliyofuata nilivaa suti. Nilianza na tajiri wangu, palepale kwenye kaunta, nikamlipa mbele ya wateja. Alizikunja noti akazitia mfukoni, akasema itabidi nimfundishe na yeye hiyo jiografia, kwa sababu dengu hazimwachii faida ya namna hii. Nikapanda basi mpaka Hayes. Vijana wa Tanga walikuwa wanatoka zamu, nguo zimejaa vumbi la maboksi. Mmoja alipoona bahasha alidhani nimeleta barua ya polisi. Nikawalipa wote wawili, na kila mmoja nikamwongezea boksi la chokoleti ya Uswisi, wakaila barabarani kama watoto wakinisimulia habari za bosi mpya.

Yule karani nilimkuta Edgware Road, meza ile ile ya Jumapili ingawa ilikuwa Jumamosi. Nikamwekea bahasha mbele yake. Hakuifungua. Aliiweka chini ya kikombe, akaniamuru nikae, akataka habari yote tangu kivuko. Nilimsimulia kwa saa mbili, na kila nilipofika penye behewa la maziwa aliniambia nirudie. Mwishoni akainua mkono amwite mhudumu.

"Shusha mkono," nikamwambia. "Leo nalipa mimi."

Nikalipa kahawa zote za meza ile, pamoja na za watu nisiowajua. Nje nilipogusa mfuko nikakuta nimelipa hata nauli yangu ya basi. Manyunyu yalikuwa yameanza. Edgware Road ni ndefu, inakwenda kaskazini moja kwa moja kuelekea kwangu, na koti langu lilikuwa zito kwa maji kabla sijafika hata robo ya njia. Sikuwa nadaiwa na mtu yeyote Uingereza wala Afrika. Nilitembea katikati ya njia ya miguu, kifua mbele, na watu walinipisha.